Gia Ngumu: Pima Klachi Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Makala yangu ya mwaka huu ni ya somo nililolipata nje ya darasa, wakati wa likizo, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba.

Mjomba ana pikapu kuukuu aina ya Peugeot 504. Tafadhali msiicheke! 504 ya kwanza ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na ndugu zake walishinda Safari Rally hapa kwetu Kenya mwaka 1975 na 1978. Hii ya mjomba hubeba mihogo mikavu hadi sokoni, nayo ndiyo inayolipa karo ya binamu zangu wawili.

Asubuhi moja ya siku ya soko, gia zikakataa kuingia. Rivasi ilikuwa inalia kama bati linalokatwa kwa msumeno. Fundi wa kwanza aliyeitwa hakugusa kitu. "Gia boksi imekufa, tushushe," akasema. Bei aliyotaja ilimfanya mjomba amtazame ng'ombe wake wa maziwa kwa jicho la kumuaga. Ndipo jirani yetu, mzee aliyestaafu udereva wa malori, akasema, "Hebu ngoja kwanza, kijana wangu. Mgonjwa hupimwa kabla ya kupasuliwa."

Mzee akanieleza hivi. Kazi ya klachi ni kuitenganisha injini na gia boksi unapokanyaga pedali. Isipotenganisha sawasawa, shafti inayoingia kwenye gia boksi huendelea kuzungushwa na injini, meno hayapatani, na gia inakuwa ngumu. Kumbe gia ngumu si lazima iwe ni ugonjwa wa gia boksi! Vipimo vyake ni hivi:

1. Zima injini, kanyaga klachi, uingize gia zote moja moja. Kisha washa injini ujaribu tena, gari likiwa limesimama. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, lakini zikawa ngumu ikiwashwa, mshuku klachi.

2. Zikiwa ngumu nyakati zote mbili, angalia vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na gia boksi. Bushi zikilika au kukauka, gia hukwama njiani.

3. Ikisumbua gia moja tu, kwa mfano ya pili, huenda sinkro yake imelika. Hapo ndipo gia boksi inafunguliwa.

4. Zikiwa ngumu asubuhi tu, kisha zikalainika gari likipata moto, huenda oili iliyomo ni nzito mno. Fuata kitabu cha gari.

Tulipopima, gia zote ziliingia laini injini ikiwa imezimwa. Mzee alipoiwasha, rivasi ikalia. "Basi," akasema, "mgonjwa ni klachi."

Klachi ya 504 hufanya kazi kwa mafuta, kama breki. Pedali husukuma mafuta kutoka silinda ya juu hadi silinda ya chini iliyo ubavuni mwa gia boksi, nayo husukuma uma unaoiachanisha klachi. Hapa nikakumbuka somo la Fizikia: mafuta hayabanwi, lakini hewa hubanwa. Hewa ikiingia, nguvu ya mguu wako inapotelea njiani.

Tulizuia magurudumu kwa mawe, tukachungulia chini. Silinda ya chini ilikuwa imelowa, raba yake imechoka, na kikopo cha mafuta kilikuwa karibu tupu. Mjomba alinunua raba mpya na mafuta ya breki. Baada ya mzee kufunga raba, mimi nilikanyaga pedali, yeye akalegeza nati ya kutolea hewa, mafuta yakatoka na mapovu. Aliifunga kabla sijaachilia mguu. Tukarudia hivyo, huku tukiongeza mafuta kikoponi, mpaka mapovu yakaisha. Rivasi ikaingia kimya kabisa!

Mzee alituachia maonyo matatu. Usitie oili ya injini katika kikopo cha klachi, maana huvimbisha raba. Usimwage mafuta ya breki juu ya rangi ya gari, maana huila. Yakimwagika, osha kwa maji upesi. La tatu ni kwa wale wanaosubiri katika foleni ya malori pale Malaba: usikae umekanyaga klachi. Weka nyutro, uutoe mguu, la sivyo utaimaliza beringi ya klachi kabla hujafika mpakani.

Wenzangu, tusikimbilie kulaumu kilicho ghali kabla ya kukagua kilicho rahisi. Binamu zangu wako shuleni, na ng'ombe wa mjomba bado anakamuliwa.