Ukumbi wa Umma Ukichakaa, Una Haki ya Kuuliza Pesa Ziko Wapi

Kumbi za mikutano, masoko na zahanati nyingi za zamani katika Garissa, Wajir na Mandera hazikujengwa na serikali za kaunti. Zilianza enzi za mabaraza ya miji na ya wilaya, yaliyovunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kaunti zilipoingia zilirithi kuta, funguo na nyufa zake. Tangu hapo jua limekausha mbao za paa, mchwa wamepanda kwenye miimo ya milango, na mafuriko ya Mto Tana ya mwishoni mwa 2023, kisha ya Aprili na Mei 2024, yakaacha tope na kuta zilizolegea katika mitaa iliyo kando ya mto.

Ukimuuliza mwakilishi wadi, mara nyingi atakwambia hakuna pesa. Huenda ni kweli, lakini kisheria jibu hilo halitoshi. Ibara ya 201 ya Katiba ya Kenya inataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Una haki ya kujua zilitengwa ngapi na zilitumika ngapi, na kama hazikutengwa, sababu ni nini.

Kwanza mjue mwenye jengo, maana barua nyingi hufia hapo. Jedwali la Nne la Katiba lilizigawia kaunti zahanati na vituo vya afya, masoko, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maktaba, viwanja vya michezo na kumbi za utamaduni na burudani. Shule za msingi na za upili, ofisi ya chifu na kituo cha polisi ni mzigo wa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ukimpelekea gavana ombi la paa la shule ya msingi, utazungushwa bure. Ukiwapelekea watu wa NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ombi la kukarabati soko, ni vivyo hivyo, kwa kuwa mfuko huo umewekewa mipaka ya kazi za serikali ya kitaifa. Isitoshe, sheria yake imeandamwa na kesi. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba.

Kuna pia Mfuko wa Usawazishaji wa Ibara ya 204, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, uliokusudiwa maeneo yaliyoachwa nyuma kama haya yetu. Lakini Katiba imeufunga kwa mambo manne: maji, barabara, afya na umeme. Paa la zahanati unaweza kuliombea humo. Paa la ukumbi wa vijana, hapana.

Usisahau kiwanja chenyewe. Ukumbi uliofungwa kwa miaka huwavutia wanyakuzi, na mara ya kwanza wananchi kujua huwa ni siku ukuta wa mtu binafsi unapoanza kupanda. Omba kuona jengo limeandikwaje katika rejista ya mali ya kaunti. Likikosekana humo, dai liandikishwe, na ukishuku unyakuzi peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kabla ya msingi kuchimbwa.

Sasa tufungue kitabu cha bajeti. Kimeandikwa kwa Kiingereza na kujaa tarakimu, na wengi hukata tamaa hapo. Tafuta namba tatu tu. Fungu 3110200 ni la ujenzi wa majengo, 3110300 ni la ukarabati wa majengo, na 2220200 ni la matengenezo ya kawaida ya mali isiyo magari. Linganisha fungu la kwanza na la pili na utaona viongozi wenu wanathamini nini. Kwa maoni yangu ugonjwa wenyewe uko hapa: jengo jipya hukatiwa utepe mbele ya kamera, ila bawaba ya mlango haina sherehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, lakini haikuweka kiwango cha chini cha matengenezo. Pengo hilo litazibwa na wananchi wenye kudai.

Na kudai kuna msimu wake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Ukarabati usiotajwa katika mpango wa mwaka ni vigumu sana kupata fungu baadaye. Anayepiga kelele barazani mwezi wa saba amechelewa kwa karibu mwaka mzima kwa bajeti inayoanza mwezi huo.

Ili kupata taarifa, andika barua ya namna hii:

"Kwa Afisa wa Habari, Serikali ya Kaunti ya Garissa. Chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba ukurasa wa rejista ya mali unaohusu ukumbi wa wadi yetu; kiasi kilichotengwa na kilichotumika kuukarabati katika miaka mitatu ya fedha iliyopita; na nakala ya mkataba wa mkandarasi, kama upo."

Sheria hiyo inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili. Mzee asiyejua kusoma, au mtu mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, ana haki ya kusaidiwa na afisa huyo kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Kuomba ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia hapo. Afisa ana siku 21 za kujibu, na anaweza kuongeza 14 mara moja tu. Akikunyima, una siku 30 za kuomba Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman, ipitie uamuzi huo.

Jambo moja linawagusa sana watu wa huku, ambako vitambulisho vimewatesa wengi. Ibara ya 35 inataja haki ya raia. Lakini haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma, Ibara ya 37, ni ya kila mtu. Kijana ambaye kitambulisho chake hakijatoka asiambiwe hawezi kutia sahihi ombi la kwenda bunge la kaunti.

Wakiitisha mkutano wa bajeti Garissa mjini na kuwasahau watu wa Hulugho na Liboi, au wakibandika tangazo jana la mkutano wa leo, lalamikeni kwa maandishi. Mahakama hulichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ya kutetea haki za Katiba haitozwi ada ya kuifungua, na Mahakama Kuu iko Garissa.

Kazi ikishaanza, itisheni ile orodha ya kazi na gharama ambayo mafundi huiita BQ, muikague kipengele kwa kipengele: unene wa mabati, idadi ya milango, njia ya kiti cha magurudumu, ambayo Ibara ya 54 inaidai. Paa likiwa la asbesto, msikubali lipasuliwe kwa nyundo watoto wakitazama. Vumbi lake huleta saratani, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni. Pia ulizeni zabuni imemwendea nani, kwani sheria imetenga angalau asilimia 20 ya manunuzi ya kaunti kwa wakaazi wake.

Kusanyeni sahihi mapema, pigeni picha za nyufa, na ombi lenu liwe limefika kwa msimamizi wa wadi na kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya mwezi wa nane kuisha.