Daftari la Bibi: Tupeane Tunachokijua Sisi Tunaowatunza Wazee Wenye Ugonjwa wa Kusahau

Saa kumi na moja jioni, jua likianza kushuka, bibi anafunga furushi la kanga, anavaa kandambili na kusema anakwenda kwao. Nyumba anayotaka kuiacha aliijenga yeye na marehemu mumewe. Dada wa kazi, mwenye wiki mbili tu hapo, anafunga geti na kumwambia, "Bibi, hapa ndipo kwako." Bibi anapiga kelele, anamrushia kandambili, na usiku huo hakuna anayelala.

Dada aliyeondoka mwezi uliopita alijua la kufanya. Alikuwa akimshika bibi mkono, wanatoka pamoja mpaka kwenye mwembe, anamuuliza habari za huko kwao, nani amelima, nani ameolewa, kisha wanazunguka nyumba na kurudi kunywa chai. Hilo alilijua baada ya miezi minane ya kujaribu na kukosea. Aliondoka nalo.

Kijitabu hiki kinahusu maarifa hayo yanayotoka na kila mtunzaji anayeondoka.

Ni ugonjwa

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyaona kwenye ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kuwashuku watu wake. Aina ya ugonjwa inayowapata wengi zaidi ina jina la daktari huyo. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, hasa kwa waliougua kiharusi au walioishi muda mrefu na shinikizo la damu lisilotibiwa. Ugonjwa huu upo pia kwetu: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao.

Nalisema hili mapema kwa sababu kuna mahali kutolijua kumegharimu roho. Usukumani na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Bibi anayetangatanga usiku na kuongea peke yake ni mgonjwa. Jirani akianza kunong'ona, mweleze waziwazi, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa au kijiji kabla maneno hayajakomaa.

Kila tabia ina chanzo

Mzee aliyepoteza maneno husema kwa mwili. Akipiga, akitukana, akikataa kula, jiulize kwanza: anaumwa wapi? Jino bovu, choo kigumu cha siku nne, kiu, mtoto wa jicho, sikio lisilosikia, nepi iliyolowa. Mengi tunayoyaita ukorofi huisha maumivu yakitibiwa.

"Mmeniibia hela zangu!" Neno hili huwauma watunzaji kuliko kofi. Usibishane na usijitetee. Hela kwake kweli hazipo, na hofu yake ni ya kweli. Mwambie, "Pole mama, tuzitafute," kisha mtafute pamoja. Kila mzee ana maficho yake: chini ya godoro, ndani ya mto, kwenye debe la mchele. Ukiyagundua, usikae nayo moyoni. Wengine nao watahitaji kujua.

Kuoga ni vita katika nyumba nyingi. Mfikirie mama aliyejistiri maisha yake yote, leo anavuliwa nguo na mtu asiyemkumbuka. Pasha maji, mwachie kanga mwilini, mwoshe kipande kwa kipande, na mpe kitambaa ajisugue mwenyewe anapoweza. Akikataa, acha, rudi baada ya nusu saa. Siku moja bila kuoga haimdhuru. Kumburuta humdhuru, na ubaya huo unaweza kukaa ndani yake hata baada ya tukio lenyewe kusahaulika.

Daftari

Nunua daftari la shule, lifungie kalamu kwa uzi, liweke mahali ambapo kila anayemtunza analifikia. Tabia ngumu ikitokea andika siku, saa, kilichotangulia, mlichofanya, na kilichomtuliza. Mistari mitatu inatosha. Asiyejua kuandika amsimulie mjukuu, au arekodi sauti kwenye simu.

Familia moja ninayoifahamu ilikuwa na babu aliyekuwa akimpiga mjukuu wake kwa fimbo. Walisema hana sababu. Walipoandika kwa wiki tano waliona kuwa ni Ijumaa tu, kabla ya adhuhuri. Babu alikuwa muadhini kwa miaka mingi. Mwili wake ulijua kuna mahali anapotakiwa kuwa, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa amekaa mlangoni. Wakaanza kumvisha kanzu na kofia mapema na kumkalisha barazani anaposikia adhana. Fimbo ikabaki ukutani. Hakuna daktari ambaye angeliona hilo kwa dakika kumi za kliniki.

Kaeni na majirani

Mara moja kwa mwezi, watunzaji wa nyumba mbili tatu wakutane, kina baba na vijana wakiwemo. Mmoja amepata njia ya kumlisha mzee anayetema chakula. Mwingine ametundika kengele mlangoni ili asikie usiku. Yasemwe pia magumu: "Jana nilimpiga." Anayesema hivyo asizomewe. Amechoka kupita kiasi, na kikao kiondoke na jina la atakayempokea zamu kesho. Lakini aibu za mzee zibaki hapo hapo.

Msichopeana kamwe ni vidonge. Piriton anayopewa mzee ili alale humzidishia kuchanganyikiwa na kuanguka. Dawa kali za kutuliza akili zinaweza kumletea kiharusi, hata kifo; zitolewe kwa uamuzi wa daktari pekee.

Msisubiri kikao

Mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa anakutambua na leo anaona watu wasiokuwepo, au analala tu haamki vizuri, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea, msingoje hata saa moja. Nendeni na daftari.

Ukurasa wa kwanza

Hapo andikeni jina analopenda kuitwa, kazi aliyokuwa akiifanya, wimbo au dua inayomtuliza, chakula asichokipenda, dawa zake na saa zake, maficho yake, na anakopenda kuelekea akitoka. Mtunzaji mpya akija, asikabidhiwe mzee mlangoni. Wa zamani abaki naye siku mbili, wamwogeshe pamoja, wamtembeze pamoja mpaka kwenye mwembe, bibi auzoee mkono mpya huku mtunzaji wa zamani akiwa bado ameushika ule wa pili.