Umeme Ukikatika, Data Hubaki Wapi?

Swali: Kwa nini faili za ofisi Meru na Embu huharibika umeme ukikatika ghafla?

Jibu: Kompyuta huweka data kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukipotea. Hatari kubwa ni diski kukatizwa ikiandika orodha ya mahali faili zilipo: hapo hata faili za zamani zaweza kupotea. Ujirani na mabwawa ya umeme ya Masinga na Kiambere si kinga. Giza la tarehe 25 Agosti 2023 liliikumba karibu Kenya nzima. Kinachofaa ni UPS (betri ya dharura), si ya kufanyia kazi kutwa, bali ya kutoa dakika chache kompyuta izimwe kwa utaratibu. Diski za chipu (SSD) nyingi za seva zina kapasita (vihifadhi chaji) za kumalizia uandishi umeme ukikatika. SSD za kompyuta za kawaida aghalabu hazina. Nakala ya pili ihifadhiwe kwenye diski iliyochomolewa.