Programu ya Manenosiri Ikae Kimya Nyuma, Wewe Uendelee na Wateja

Ukiwa na duka la wakala pale Makutano mjini Meru, au saiba karibu na steji ya Embu, kompyuta yako haipumziki. Asubuhi unafungua barua pepe. Saa nne kuna mtu wa eCitizen anayetaka cheti cha tabia njema. Ikifika Juni, foleni yote ni ya ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Jioni unaangalia taarifa ya tili yako. Kila mlango hapo una nenosiri lake, na kwa wengi wetu manenosiri hayo yako kwenye daftari chini ya kaunta, au ni neno moja tu linalozungushwa kila mahali, likiongezwa mwaka mwishoni tukilazimishwa kulibadilisha.

Neno hilo moja likivuja kutoka mahali popote, mwizi hahitaji simu yako ndiyo aanze kazi. Anaanza na barua pepe. Akishaingia humo, anaenda kwenye akaunti zako nyingine na kubonyeza "nimesahau nenosiri", kisha viungo vya kubadilisha vinamjia yeye. Akaunti ya biashara ambayo umeiunganisha na barua pepe hiyo iko hatarini, pamoja na floti iliyomo.

Dawa yake ni programu ya kutunza manenosiri. Bitwarden inajulikana, na KeePassXC pia. Zote unaweza kuzipata bila malipo. Hapa tutakaa na KeePassXC kwa sababu moja ya kwetu: inahifadhi kila kitu kwenye faili moja iliyofungwa, ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hivyo bando likiisha bado unafungua. Ukitaka manenosiri yaonekane kwenye simu pia bila kuhamisha faili, basi Bitwarden itakufaa zaidi.

Lakini wengi huweka programu hizi na kuziacha baada ya wiki. Sababu haina siri: dirisha linajitokeza mbele ya kazi, mteja ameegemea kaunta anasoma orodha ya akaunti zako zote, wewe unahangaika kulifunga. Ukilifunga kabisa, ukihitaji nenosiri unaanza upya. Mwisho unarudi kwa daftari. Ndiyo maana kabla ya kitu kingine, ifundishe programu kukaa nyuma.

Fungua menyu ya "Tools", halafu "Settings", halafu "General". Weka alama kwenye "Automatically launch KeePassXC at system startup", ili ijiwashe yenyewe ukiwasha kompyuta. Weka pia "Minimize window at application startup" ili isitokee mbele. Chini kidogo utaona "Show a system tray icon" na "Hide window to system tray when minimized". Hizo mbili ndizo zinazoipeleka kwenye kona ya chini kulia, kando ya saa. Kuna nyingine watu huipita, "Minimize instead of app exit": ukiwa nayo, hata ukibonyeza ile X kwa haraka programu haizimiki, inajificha tu. Usipoiona kando ya saa, bonyeza kale kamshale kanakoangalia juu. Windows hupenda kuficha alama huko.

Sasa iko kimya. Lakini ikikaa kimya huku iko wazi, ni sawa na kuacha droo ya pesa bila kufuli kwa sababu tu haionekani. Nenda sehemu ya "Security". Weka muda wa kujifunga isipoguswa. Inahesabu kwa sekunde, kwa hivyo dakika 5 ni 300. Weka pia ijifunge ukifunga skrini au ukikunja laptopu. Hapo hapo kuna muda wa kufuta nenosiri ulilonakili. Uache uwe mfupi, sekunde 10 zinatosha kabisa kulibandika. Halafu zoea kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kila unapoinuka, hata kama ni kuchukua chai tu hapo nje. Kijana anayekusaidia dukani awe na akaunti yake kwenye kompyuta hiyo, si yako.

Utamu wenyewe uko kwenye kivinjari. Ukiwezesha "Browser Integration" na kuongeza kiunganishi cha KeePassXC-Browser kwenye Chrome au Firefox, programu inajaza nenosiri yenyewe bila wewe kufungua dirisha lolote. Hili si la uvivu tu. Programu inalinganisha anwani ya ukurasa na ile uliyohifadhi. Uliyohifadhi ikiwa ni itax.kra.go.ke na mtu akutumie kiungo chenye herufi moja tofauti, jicho lako lililochoka saa kumi na mbili jioni linaweza kudanganyika, lakini programu haitajaza. Ikikataa kujaza mahali inapojaza kila siku, usinakili nenosiri na kulibandika kwa nguvu. Soma anwani kwanza.

PIN ya pesa zako za simu usiiweke humo. Ibaki kichwani. Hakuna ukurasa wa kompyuta unaopaswa kukuuliza PIN hiyo, na ukiulizwa, toka.

Wenye saiba, manenosiri ya wateja msiyahifadhi kabisa, wala kwenye programu wala kwenye daftari. Mteja aandike lake mwenyewe, aondoke nalo. Akirudi mwaka ujao amelisahau, mtalibadilisha pamoja naye akiwa na simu yake mkononi. Na wewe ambaye huna kompyuta yako, usiweke programu hii kwenye mashine ya saiba. Tumia Bitwarden kwenye simu.

Linabaki nenosiri kuu, lile moja la kufungulia yote. Chagua maneno matano yasiyohusiana. Ukichanganya Kiswahili na Kimeru au Kiembu ni sawa, mradi isiwe methali wala mstari wa wimbo. Ukilisahau, hakuna ofisi ya kulirudisha, si sisi wala waliotengeneza programu. Liandike mara moja kwenye karatasi, ukaliweke nyumbani pamoja na hati ya shamba, mbali na duka. Faili yenyewe, ile inayoishia na .kdbx, inakili kwenye flashi mbili: moja nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini. Rudia kunakili kila ukiongeza akaunti mpya, na mara moja moja jaribu kuifungua ile ya kwenye flashi uone kama bado inafanya kazi.