Ngozi na Ushanga: Elimu Iliyo Mikononi mwa Mafundi Wetu

Leo tujifunze kuhusu kazi ambayo wengi wetu huipita kila asubuhi tukija shuleni, bila kuitazama mara mbili. Ni kazi ya ngozi na ushanga. Wako wanaosema eti ni kazi ya mtu aliyeanguka mtihani. Mimi nasema ni elimu kamili, na sababu zangu ni hizi.

Asili yake

Usidhani kwamba shanga zililetwa Bonde la Ufa na watalii. Katika pango la Enkapune ya Muto, kwenye miinuko ya Mau upande wa Naivasha, wanaakiolojia walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka 40,000 hivi. Hapa karibu na Nakuru, mwaka 1938, Mary na Louis Leakey walichimba pango la Mto Njoro. Walikuta mabaki ya watu waliozikwa yapata miaka 3,000 iliyopita pamoja na shanga za mawe. Hebu fikiri: kutoboa jiwe gumu bila keekee ya umeme!

Shanga za kioo zilikuja baadaye kupitia Pwani, nyingi zikitoka Venice nchini Italia na Bohemia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Katika karne ya 19 misafara ilizifikisha hadi Naivasha na Baringo. Mfanyabiashara aliyeleta rangi isiyopendwa alikosa wanunuzi. Kwa hiyo kioo kilikuwa cha wageni, lakini mpangilio ulikuwa wetu. Kwa Wamaasai, nyekundu huhusishwa na damu na ushujaa, nyeupe na maziwa, buluu na mbingu, na kijani na majani. Waogiek wa Mau nao wana mapambo yao.

Ngozi

Ngozi mbichi huoza upesi, kwa hiyo hutiwa chumvi au huanikwa. Kisha hulowekwa katika maji ya chokaa ili manyoya yatoke, na nyama iliyobaki hukwanguliwa. Baada ya hapo hudabaghiwa, yaani hutiwa dawa ili idumu. Magome ya mti wa mwati yana tanini nyingi, na tanini hushikana na protini ya ngozi hata isioze ovyo. Viwanda vingi siku hizi hutumia kromu kwa kuwa ni ya haraka, lakini maji yake yasiposafishwa hudhuru mito. Je, hii si kemia?

Hesabu

Tuchukue mkanda wenye urembo wa sentimita 80, na shanga za milimita 2. Mstari mmoja unataka shanga 400. Mistari 10 inataka shanga 4,000. Fundi akishona shanga 10 kwa dakika, atamaliza kwa saa 6 na dakika 40, bila kula wala kunyoosha mgongo. Na hapo hatujahesabu ngozi, uzi na kukata. Halafu nimeona kwa macho yangu mteja akitaka mkanda wa namna hiyo kwa bei ya soda mbili! Fundi akikubali kwa sababu watoto wanangoja unga, si kwamba kazi ni rahisi. Ni shida tu.

Lugha

Ushanga ni mmoja, shanga ni nyingi. Zikitungwa na kuvaliwa kiunoni huitwa utunda. Tena angalia kitenzi: tunatunga shanga, na pia tunatunga mashairi. Waliotupa lugha hii waliona kuwa mshairi na fundi wote hupanga kidogo kidogo hadi kitu kikamilike.

Hitimisho

Wenzangu, tukinunua tulipe bei ya haki, na tukipata nafasi likizoni tukae karibu na fundi tujifunze. Vijana wasiporithi ujuzi huu, utabaki makumbusho tu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Basi chanda kinachotunga shanga 4,000 tusikidhulumu.

Zoezi

1. Eleza kwa nini ngozi hudabaghiwa.
2. Mkanda wa sentimita 60 wenye mistari 8 unahitaji shanga ngapi za milimita 2?
3. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "utunda".