Nguo ya Ndani ya Mpanda Mlima

Msafiri anayerejea Dar es Salaam kutoka Mlima Kilimanjaro akiwa na fangasi za kinena aulizwe kwanza alivaa nini. Aghalabu hujibu kwa fahari kwamba ni pamba tupu, kama tulivyomshauri sisi wenyewe. Ushauri huo wafaa kwa anayeketi ofisini hapa Upanga. Mlimani, pamba hunywa jasho na kulishikilia mapajani. Ngozi hulowa, huchubuka, na fangasi hustawi. Usiku wa baridi, unyevu huohuo huupoza mwili.

Poliesta, nailoni au sufu ya merino hukauka upesi zaidi. Nguo iwe na miguu mirefu ya kutenganisha mapaja, ikae mwilini bila kubana, na mshono usipite penye msuguano. Mbili zaweza kutosha: moja mwilini, nyingine imefuliwa na kuanikwa juu ya begi mchana. Kariakoo zinapatikana mpya. Za mitumba zimepigwa marufuku nchini, ingawa bado hutandazwa kando ya barabara.

Muwasho ukianza, krimu ya steroidi peke yake huutuliza huku fangasi zikienea. Klotrimazoli hupakwa mara mbili au tatu kwa siku, na huendelea wiki mbili baada ya ngozi kupona.