SOMO LA ROBO HII: MANENO YASIKIKE, NDIPO UJUMBE UFIKE

Somo la safari hii linahusu jambo linaloonekana dogo: kuchagua sauti kwenye diski ya filamu kabla ya kuwaonyesha watu nyumbani. Tumejifunza kwa gharama kwamba si dogo.

Huko Misugusugu, mama mmoja alitukaribisha uani kwake. Filamu ilihusu mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu mumewe. Muziki ulisikika vizuri, lakini maneno yalikuwa kama ya mtu aliye chumba cha pili. Tulipoongeza sauti, muziki nao ulizidi, watoto wakaziba masikio. Wakati wa majadiliano, mjane mmoja aliuliza kwa upole, "Sasa yule hakimu alisemaje?" Tulimsimulia, lakini kusimuliwa si sawa na kusikia mwenyewe. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha, hatukuweza kurudia.

Kosa lilikuwa wapi?

Diski ya DVD inaweza kubeba hadi njia 8 za sauti na hadi 32 za maandishi ya chini. Mara nyingi mojawapo ya njia hizo huandikwa 5.1, yaani imetengenezwa kwa spika sita, na maneno ya waigizaji hupitia zaidi spika ya katikati. Deki yetu ilikuwa imepangwa kana kwamba spika zote sita zipo, nasi tulikuwa na mbili tu. Maneno yalipelekwa kwenye spika ambayo haikuwapo.

Mambo ya kufanya kabla wageni hawajafika

1. Chagua lugha. Bonyeza AUDIO kwenye rimoti, au ingia kwenye orodha ya diski. Filamu ya "Jesus" ya mwaka 1979, iliyotokana na Injili ya Luka, imetiwa sauti ya Kiswahili. Ziko diski zake zenye lugha kadhaa. Usidhani Kiswahili kitaanza chenyewe.

2. Kama una spika mbili au ya televisheni tu, chagua njia ya STEREO au 2.0. Ikiwa haipo, ingia SETUP ya deki, upange sauti itoke kwa spika mbili. Deki itachanganya maneno na sauti nyingine.

3. Ukichagua DTS kukawa kimya, usikimbilie kubadilisha waya. Deki nyingi za bei nafuu haziwezi kuisoma njia hiyo. Rudi kwenye njia nyingine.

4. Kwenye VCD, baadhi ya diski huweka lugha moja upande wa kushoto na nyingine kulia. Zikisikika mbili kwa pamoja, bonyeza kitufe hicho hicho mpaka ibaki moja.

5. Deki nyingine zina mpangilio wa usiku, unaopunguza kishindo na kuinua sauti ndogo. Unafaa palipo na majirani waliolala.

6. Jaribu kwa dakika tano sehemu yenye mazungumzo, siyo yenye muziki. Mwombe mzee akae nyuma kabisa, arudie alichosikia. Akishindwa, msianze.

Kwa filamu zisizo na Kiswahili, teueni mtu mmoja wa kufasiri. Apunguze sauti anaposema, na awe ameitazama filamu mapema.

Maswali ya kujadili katika kamati

(a) Nani kwetu anajua kutumia rimoti ya deki? Akisafiri, nani atashika nafasi yake?
(b) Wenye usikivu hafifu huketi wapi?
(c) Baada ya onyesho la mwisho, tuliuliza watu wameelewa nini, au tulihesabu vichwa tu?

Kwa wafadhili wetu tunasema: mafuta mliyochangia yalichomwa usiku ule, na ujumbe haukufika. Tulirudi Misugusugu kwa mara ya pili, tukapanga sauti kwanza. Yule mjane aliketi mbele. Hakimu alipomaliza kusema, aliomba tusimamishe, turudishe nyuma, asikie tena.